Mkono wa Kushoto wa Aram

Hasidi hana sababu, ndivyo wasemavyo watu. Aram Garabedian alikuwa nazo sababu, tena za kuonekana kwa macho. Zilibandikwa kwenye mabango ya Barabara ya Sunset, kubwa kuliko nyumba yake ya Glendale, na juu ya kila bango palikuwa na jina la Vernon Tischler, limeandikwa kabla hata ya jina la filamu yenyewe.

Walisoma darasa moja la filamu, wakala maharage ya kopo moja, wakagombania kamera moja. Ungewauliza walimu wao siku zile, wangekuambia huyu Muarmenia wa Fresno ndiye atakayefika mbali, yule mwenzake ni mcheshi tu. Basi yule mcheshi akaenda jangwani akatengeneza "Nyangumi wa Nevada", hadithi ya nyangumi anayekutwa mzima katikati ya mchanga, na nchi nzima ikapanga foleni majira yote ya joto. Watoto walivaa fulana za nyangumi. Kina mama walilia mpaka wakasahau mikoba yao ukumbini. Akaja na "Kengele za Sacramento", akaja na "Ndoa ya Bibi Pell", akazoa tuzo mpaka nyingine akawa anazuilia mlango wa chooni usipigwe na upepo. Aram naye alitengeneza "Zabibu Kavu", juu ya shamba la baba yake, filamu iliyosifiwa na magazeti mawili na kutazamwa na shangazi zake. Baada ya hapo ikawa televisheni: polisi wamkimbiza mwizi, polisi wamkamata mwizi. Na tangazo la chakula cha mbwa, ambalo ndilo lililomchimbia bwawa la kuogelea.

Alimwonea Vernon wivu. Hakuna haja ya kulizunguka neno. Alimwonea wivu akinyoa ndevu, akiwa kwenye msongamano wa magari, akiwa kanisani. Mwaka ule Vernon alipovunjika mguu, Aram aliuonea wivu ule mguu, kwa sababu uliandikwa gazetini. Na hakumwambia mtu, hata mkewe Araksi, aliyejua siku nyingi na kunyamaza kama wake wanavyojua kunyamaza.

Ajabu ni kwamba walikuwa marafiki kweli. Na urafiki wao ulikuwa na ada yake. Kila mmoja akimaliza kupiga picha na kuunga vipande vyake, kabla muziki haujatiwa, kabla wakubwa wa studio hawajaona chochote, humwita mwenzake aje aitazame filamu ingali mbichi. Wawili peke yao katika chumba kidogo cha kuonyeshea, Aram kulia, Vernon kushoto kwake. Wakitoka huenda kula, na mpaka chakula kifike mezani hakuna anayesema neno. Hapo ndipo ukweli husemwa. Waongozaji wengi wa filamu wa mji ule walifanya hivyo na marafiki zao, ila wengi waliacha walipoanza kuchukiana. Aram na Vernon hawakuacha. Tatizo ni kwamba Aram hakuwa na filamu za kuonyesha, kwa hiyo kwa miaka na miaka mwitwaji alikuwa yeye.

Na kila mara alitoa ushauri, na kila mara Vernon aliupuuza. Alimwambia toa yule mtoto anayemwagia nyangumi maji kwa ndoo, inachosha. Vernon akamwacha, na mtoto na ndoo yake wakawa ndiyo picha iliyobandikwa kwenye kila ukuta duniani. Alimwambia toa kengele inayolia bila mtu. Ikabaki, na watu wanaizungumzia mpaka leo. Aram alidhani ni ukaidi. "Kichwa cha Tischler," alizoea kumwambia Araksi, "ni jiwe lililovaa kofia."

Mpaka Jumapili ile ya mwezi wa Mei, wanafunzi wa filamu walipomwalika Vernon azungumzie maisha yake ya kazi, naye akampa Aram tiketi ya kiti cha nyuma.

Yalikuwa mazuri, mazungumzo yale, na kila yalivyozidi kunoga ndivyo Aram alivyozidi kujikunja kwenye kiti. Walionyesha vipande vya zile filamu maarufu, ukumbi ukapiga makofi kwa ndoo, ukapiga makofi kwa kengele. Hakuna aliyegusia filamu mbili za mwisho, zilizoanguka vibaya, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Vernon alikuwa amesifiwa kupita kiasi. Kisha msichana mmoja mwenye nywele za rangi ya zambarau akasimama.

"Mzee Tischler, shikamoo," akasema. "Nina swali. Unajuaje kipande kipi kibaki na kipi kitoke? Yaani mimi nikishahariri siku tatu, naona vyote uchafu."

Watu wakacheka. Vernon akakuna kidevu.

"Nikuibie siri, binti yangu? Mimi filamu yangu mbichi sijawahi kuitazama. Nina rafiki. Namkalisha pembeni yangu, taa zikizimwa natazama mkono wake wa kushoto, huu unaokuwa upande wangu. Sehemu ikiwa ya hovyo, mkono unalala tu kama paka. Ikiwa nzuri, unaubana mkono wa kiti mpaka vifundo vinakuwa vyeupe. Ikiwa nzuri sana, kiti kinalia."

"Kwa hiyo rafiki yako ana macho mazuri?"

"Ana wivu mzuri," Vernon akasema, na ukumbi ukaangua kicheko. "Msicheke. Wakosoaji wanadanganywa na rushwa ya chakula, watazamaji wanadanganywa na muziki, mke wangu ananidanganya kwa huruma. Mwenye wivu mdomo wake utadanganya, mkono wake haudanganyi. Nikitoka pale, ananiambia nitoe sehemu fulani, nami najua hiyo ndiyo ya kuacha. Filamu zangu zote kubwa amezihariri yeye, maskini, na hajui."

Hakumtaja jina. Hakuhitaji. Aram alitazama chini akauona mkono wake wa kushoto umebana mkono wa kiti, vifundo vyeupe, akaunyanyua haraka kama mtu aliyekutwa ameutia mfukoni mwa mwenzake.

Alifika nyumbani hajui amepita njia gani. Araksi alikuwa jikoni anapanga nyama kwenye mikate myembamba ya lahmajun.

"Aram jan, kipenzi, mbona uso umekuiva hivyo? Umekaa juani?"

"Kumbe mimi ni mbwa wa kunusa!" Aram akalipuka. "Miaka yote hii! Ananifunga kamba, ananitembeza juu ya filamu zake, nikisimamisha masikio anachimba hapo hapo anapata dhahabu!" Akamweleza yote.

Araksi akaendelea kupanga nyama. "Sasa kinachokuuma ni nini? Kwamba amejua una wivu, au kwamba wivu wako umemfaa?"

"Vyote!"

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mume wangu. Ungemwambia zamani ungekuwa umeshapona."

"Sitaki kupona," Aram akasema. "Alhamisi ananiita kutazama hii mpya. Unajua studio imemwambia nini? Hii nayo ikianguka, basi, hawampi tena hata kamera ya harusi. Na atafanya nini? Atatazama mkono. Haya, atautazama! Pale penye uzuri, utalala. Pale penye uchafu, utabana. Ahariri hivyo, tuone."

Araksi akamtazama, kisu mkononi. "Ndugu yako huyo. Alibeba jeneza la mama yako."

"Alibeba upande wa mbele," Aram akasema, "mahali palipokuwa na wapiga picha."

Siku tatu zile alifanya mazoezi. Alikaa sebuleni akatazama picha za wajukuu wa watu wengine, nyumba za watu wengine, tuzo za watu wengine kwenye televisheni, mkono wa kushoto juu ya kiti, akiuambia: lala. Mkono ukajifunza kulala. Kisha akatazama tangazo lake la chakula cha mbwa, akauambia: bana. Ukabana.

Alhamisi asubuhi aliingia kwenye jengo la Vernon huko Burbank. Mijakaranda ilikuwa imetapakaza maua ya zambarau juu ya magari yote, hata lile la Vernon, na Aram aliyaonea wivu hata maua kwa kulichagua gari lile. Vernon alikuwa amezeeka ghafla. Shati lilimpwaya shingoni. Alimkumbatia Aram kwa nguvu zaidi ya kawaida.

"Inaitwa 'Dobi wa Mtaa wa Fountain'," akasema. "Ni ya mwisho, Aram. Ikifa hii, nami nimekwisha. Kaa."

Wakakaa, Aram kulia, Vernon kushoto. Taa zikazimwa.

Mwanzoni kazi ilikuwa rahisi. Filamu ilihusu mwanamke mzee mwenye duka la kufulia nguo, mjane, na mwanawe anayetaka duka liuzwe. Palikuwa na ugomvi wa mwana na mama kwenye mvua, mrefu, wa kupiga kelele, mwigizaji anapiga magoti kwenye dimbwi. Upuuzi mtupu. Aram akaubana mkono wa kiti mpaka ukalia. Kwa pembe ya jicho aliona kichwa cha Vernon kinaitikia. Akafurahi kuliko siku aliyopata bwawa.

Kisha kikaja kipande cha shuka.

Mwanamke yuko peke yake dukani asubuhi. Ana shuka kubwa la kukunja, la kitanda cha watu wawili, la kukunjwa na watu wawili. Anachomeka ncha mbili kwenye kitasa cha mlango, anarudi nyuma na ncha zake mbili, analinyoosha shuka, analikung'uta. Halafu anasimama. Anangoja. Miaka yote alikuwa akikunja na mumewe, na ukishakung'uta, mwenzako ndiye anayekuja kwako kukuletea ncha zake. Kwa mazoea anamngoja. Anakiangalia kitasa. Kitasa hakiji. Ndipo anaenda yeye, polepole, analipeleka shuka mlangoni, anachomoa zile ncha, na anapozichomoa anakigusa kitasa kidogo kwa kidole, kama kukiambia si kosa lako. Hakuna neno hata moja. Kamera haikusogea hata unywele.

Wivu uliompata Aram pale haukuwa na mfano. Ulianzia tumboni ukapanda. Aliona wivu kwa kile kitasa, kwa ile subira, kwa namna jambo lile lilivyokuwa dogo, kwamba limekuwapo katika kila nyumba duniani, hata nyumbani kwake, hata kwa mama yake Fresno aliyekunja mashuka peke yake miaka mingi baada ya baba kufa, na yeye Aram, mwongozaji, mwana wa mama yule, alikuwa amesimama mlangoni akimwona na hakuona kitu. Na huyu Vernon, mtu wa Ohio, akaona! Mkono ulitaka kubana. Mwili mzima ulitaka kubana. Basi Aram akaushusha wivu wote chini, ukapita magotini, ukaingia kwenye viatu, akavikunja vidole vya mguu kwa nguvu mpaka msuli ukakakamaa na machozi yakamtoka gizani.

Mkono ulikuwa umelala kama paka.

Taa zikawaka. Vernon hakusema kitu, maana chakula kilikuwa hakijafika. Walitembea mpaka mkahawa wa pembeni, Aram akichechemea.

"Vipi mguu?"

"Uzee."

Wakakaa kwenye meza yao ya dirishani. Mhudumu aliyewajua akawaletea sandwichi zao za nyama ya chumvi na matango ya siki bila kuulizwa. Sahani zilipogusa meza, Vernon akasema:

"Haya. Sema."

"Ugomvi wa mvuani utoe," Aram akasema, kama alivyopanga. "Unachosha. Kile cha shuka kiache, kitamu."

Vernon akaitikia kwa kichwa, polepole, akatabasamu kidogo lile tabasamu lake la kujua. Lakini halikudumu.

"Nilivyodhani," akasema. "Ugomvi unabaki. Shuka linatoka."

Ushindi! Aram aliung'ata mkate wake. Ulikuwa mtamu ajabu. Aliona mbele yake filamu isiyo na moyo, ukumbi unakohoa, wakubwa wa studio wanatazama saa zao, mabango yanabanduliwa Barabara ya Sunset. Aliagiza pai ya tufaha, jambo alilokatazwa na daktari.

Vernon hakugusa chakula. Alikuwa anageuzageuza kibakuli cha chumvi.

"Unajua kituko, bwana we? Kile cha shuka nilikipenda kuliko vyote. Nilijiambia, Vernon, tangu uzaliwe hujafanya kitu kama hiki. Nilikipiga picha nikilia." Akacheka, kicheko kikavu. "Kumbe kibibi na kitasa cha mlango. Upuuzi. Macho yameniishia, Aram. Sioni tena."

"Usiseme hivyo."

"Ni upuuzi! Nani atakaa kumtazama bibi anangoja kitasa? Ujinga wa mzee tu. Leo leo nakitupa."

Hapo kitu kikamkatika Aram ndani. Haikuwa huruma. Ningependa kukuambia ilikuwa huruma, lakini mtu huyu alikuwa ametamani kumwona Vernon hivyo hivyo, amevunjika, mbele ya sandwichi asiyoila, kwa miaka mingi. Asichoweza kustahimili ni kusikia kitu kile kinatukanwa. Kama kitu kimekufanya uumie hivyo, halafu mtu akiite upuuzi, basi na maumivu yako ni ya bure.

"Upuuzi ni wewe!" akafoka, na watu wa meza ya jirani wakageuka. "Mjinga mkubwa! Ukikigusa kile kipande nakuchoma jicho kwa huu uma!"

Vernon alimkodolea macho. "Mbona mkono haukusogea?"

"Nilibana vidole vya miguu! Unadhani nachechemea kwa nini? Nilikusikia Jumapili, ukiwachekesha watoto kwa mkono wangu! Nikasema leo nitakuonyesha. Na ule ugomvi wa mvuani ni takataka, mtu mzima anapiga magoti kwenye dimbwi, aibu gani ile! Nilibana makusudi!"

Mhudumu alikuja na pai, akaona nyuso zao, akaiweka na kuondoka.

"Kwa nini vidole vya miguu?" Vernon akauliza taratibu.

"Unajua kwa nini."

"Sijui. Niambie."

"Vernon, usinifanyie hivi."

"Kama huwezi kulisema, nakitoa. Nimezeeka, sina mkono tena wa kuuamini. Nahitaji mdomo."

Aram alitazama dirishani, akatazama pai, akatazama kila kitu isipokuwa mtu aliyekuwa mbele yake.

"Nilikionea wivu," akasema. Sauti ilitoka ndogo. Kisha ikapata njia na haikusimama. "Nilikionea wivu mpaka nikatamani ufe kabla hujakionyesha. Nimekuonea wivu tangu nyangumi. Tangu kabla ya nyangumi, tangu ile filamu yako ya darasani ya mtu anayetafuta kofia yake. Nimeuonea wivu hata mguu wako uliovunjika. Umeridhika?"

"Kinabaki," Vernon akasema. Macho yake yalikuwa na maji, na rangi ilikuwa imemrudia usoni. Akaishika sandwichi yake kwa mikono miwili akala kama mtu aliyetoka hospitali. "Asante, ndugu yangu. Kinabaki."

Aram akamwacha ameze. Alijisikia mwepesi, na wepesi ule ukampa ujasiri wa kuuliza jambo ambalo hakuwahi kulithubutu.

"Na mimi? 'Zabibu Kavu' nilikuonyesha ikiwa mbichi. Ulikaa pembeni yangu. Mkono wako wewe ulibana wapi?"

Vernon akaacha kutafuna. Alikuwa mtu aliyedanganya maisha yake yote, aliwadanganya waigizaji kwamba ni wazuri na wakubwa wa studio kwamba fedha zitatosha, na angeweza kabisa kusema pale kwenye kaburi la babu, au pale mvua inapoziozesha zabibu zilizoanikwa. Aram alimwona akilitafuta jibu, akalipata, akaliweka chini.

"Wewe umeniambia kweli," akasema. "Hapana, Aram. Hapakuwa na mahali."

Gari likapita nje. Aram alidhani uso wake umetulia, na kweli ulikuwa umetulia. Alishangaa tu kuona Vernon haangalii uso. Anaangalia chini, mezani, kichwa kimeinama upande.

"Usisogee," Vernon akanong'ona.

"Nini?"

"Hapo hapo. Uso nisingeuonyesha kabisa. Ningeonyesha mkono tu, na hicho kibakuli cha chumvi pembeni."

Aram akatazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeushika ukingo wa meza, vifundo vyeupe, na chumvi iliyomwagika ilikuwa inatetemeka karibu na kidole gumba. Kichwani mwake, kwa sekunde ile ile, na yeye alikuwa ameshaipanga kamera yake kama alivyozoea: uso wa mzee, karibu, machozi yanaanza. Aliona mara moja kwamba Vernon amepatia na yeye amekosea.

Mkono ukazidi kubana.